Mjomba anataka namba ya mtihani

Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka zamu ya usiku, viatu bado viko miguuni, simu ikaita. Kaka yangu, Tanga. Hapa Houston ilikuwa saa mbili asubuhi, kwao saa kumi jioni, na nyuma ya sauti yake nilisikia adhana ya alasiri na bodaboda zikipita.

"Dada, nasikia matokeo ya mtoto yametoka."

Nikamwambia yametoka.

"Basi nitumie namba yake ya mtihani nimwangalie."

Nilitaka kumweleza kwamba huku hakuna namba ya kumwangalizia mtu, kwamba alama za SAT, mtihani wa kuombea vyuo huku Marekani, hazibandikwi popote. Lakini nilikuwa nimechoka, nikamwahidi nitampigia nikiamka. Nikajilaza, usingizi usije. Alichoniomba kaka kilikuwa kilekile kilichokuwa kikimkosesha raha binti yangu kwa wiki tatu. Yeye alikuwa akiniuliza hivi: "Mama, vyuo vinaweza kuona zile alama ambazo sijavitumia?"

Alifanya mtihani ule mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Machi, akiwa darasa la kumi na moja, siku ambayo shule nzima ilikalishwa ikafanya. Usiku wa kuamkia siku hiyo mimi nilikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee, na mdogo wake alishikwa na homa. Binti yangu ndiye aliyekesha naye, akimkanda kwa kitambaa cha maji. Akaenda kwenye mtihani macho mekundu, akapata 1090. Agosti akarudia, 1290. Oktoba akarudia tena, 1310. Kwa watu wanaojua mtihani huu, ambao mwisho wake ni 1600, huko ni kupanda kwa kutia moyo. Kwake yeye, ile 1090 ilikuwa doa. Aliamini kila chuo alichokiomba kilikuwa kimeshaiona, na kwamba hata barua nzuri kiasi gani haitaifuta.

Hofu hiyo aliipata kwangu. Mimi ndiye niliyemlea na hadithi za matokeo.

Sisi tuliosomea nyumbani tunajua matokeo ni mali ya umma. Yangu ya kidato cha nne yalibandikwa ukutani nje ya ofisi ya mkuu wa shule, karatasi ndefu zilizoanza kujikunja kwa unyevu wa pwani. Nilipitisha kidole kwenye orodha mpaka nikafika kwenye jina langu, na waliosimama nyuma yangu walikifuata kidole changu kwa macho. Hisabati: F. Kabla sijafika nyumbani, mama alikuwa ameshaambiwa na muuza mchicha. Siku hizi ukuta umehamia kwenye tovuti ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania. Ukijua shule ya mtoto unafungua ukurasa wa shule nzima, na ukiwa na namba yake unaona divisheni, pointi na kila somo. Akienda kuomba chuo anaingiza namba yake ya kidato cha nne na ya kidato cha sita, mfumo unavuta alama wenyewe. Kenya ni hivyo hivyo: KUCCPS, ofisi ya udahili wa vyuo, wanapangia watoto vyuo wakiwa tayari na matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mkononi. Haiwezekani mtoto kusema, "Haya nitawapa, haya nitabaki nayo." Matokeo yanasafiri bila kumwomba ruhusa.

Mzazi aliyetoka kwenye utaratibu huo akisikia mwanawe amefanya mtihani wa taifa zima, anachukulia kwamba mahali fulani pana daftari kubwa lenye jina la kila mtoto, na kila chuo kina ufunguo wake. Nimewasikia wenzangu wakisema hivyo kwenye harusi, kwenye misiba, tukiwa jikoni tunamenya vitunguu. Nami nilisema hivyo hivyo, na mtoto akanisikia.

Sasa niseme nilichokikuta baada ya kukaa chini na kusoma taratibu zenyewe, usiku baada ya usiku, wakati wazee ninaowahudumia wamelala. Hapana. Chuo hakiwezi kuingia kwenye hazina ya College Board kikaandika jina la mwanao na kuona alama zake. College Board, taasisi inayomiliki SAT, inapeleka ripoti kwa chuo pale tu mwanafunzi anapoiagiza ipelekwe. Alama ni za mtoto, ziko kwenye akaunti yake, na yeye ndiye anayebonyeza.

Zaidi ya hapo, tangu mwaka 2009 anaruhusiwa kuchagua siku ya mtihani anayotaka ionekane. Binti yangu akiagiza ya Oktoba peke yake, ripoti inayofika chuoni ina Oktoba peke yake, na ile ya Machi haimo. Kuna jambo moja tu la kulifahamu: huwezi kuikata siku vipande. Siku ikienda, inaenda nzima, kusoma na hesabu pamoja. Na ni lazima achague mwenyewe. Asipochagua, zinakwenda zote.

Waliofanya ACT, mtihani mwingine wa kuombea vyuo, wako katika hali hiyo hiyo, kila tarehe inapelekwa ikiagizwa, na ACT wanakubali hata kufuta kabisa rekodi ya siku moja ukiwaandikia.

Nilimweleza binti yangu haya tukiwa mezani. Alisikiliza, halafu akainuka, akaenda chumbani kwake na kurudi na sanduku la viatu. Lilijaa barua. Kadi za rangi, bahasha nene, picha za watoto wakicheka chini ya miti ya majani mekundu. Vyuo ambavyo hatujawahi kuvisikia, majimbo ambayo hatujawahi kuyakanyaga. "Mwanafunzi mwenye uwezo kama wako," zilisema nyingi kati ya hizo. Akaniuliza, "Kama hawajaona alama zangu, uwezo wangu wamejuaje?"

Lilikuwa swali la haki, na nilitumia siku mbili kulijibu.

College Board wana huduma ya kutafutia vyuo wanafunzi. Mtoto anapojiandikisha huulizwa kama anataka vyuo vimtafute, na wengi hukubali bila kufikiri mara mbili. Akikubali, jina na anwani yake vinaingia kwenye orodha ambayo vyuo hulipia. Chuo kinaweza kuomba majina ya watoto wa eneo fulani, wenye nia ya masomo fulani, walioko ndani ya kiwango fulani cha alama. Kiwango ni kama kusema "wa kuanzia hapa hadi hapa". Namba yenyewe chuo hakipewi, na wanaotuma kadi hizo wanatafuta waombaji, hawajaanza kumpima mtu yeyote. Ukipokea kadi haimaanishi umekubaliwa, na usipoipokea haimaanishi umekataliwa.

Lakini simlaumu mwanangu kwa kushuku. Februari 2024 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alifikia makubaliano na College Board, wakalipa dola 750,000, kwa sababu taarifa za wanafunzi waliofanya mitihani ndani ya shule zao zilikuwa zimetumika kibiashara kinyume cha sheria ya jimbo lile. Mtoto wa miaka kumi na sita alikuwa akipewa fomu siku ya mtihani, mwalimu amesimama mbele, kila mtu anajaza, naye anajaza. Mimi nasema waziwazi kwamba huo si uhuru wa kuchagua. Mzazi, mwambie mwanao kabla ya siku hiyo kwamba maswali ya kuhusu maisha yake na kama anataka kutafutwa na vyuo ni ya hiari, na akiyaacha wazi alama yake haipungui hata moja.

Hapo nilidhani kazi imekwisha. Mlango wa mbele umefungwa, na ufunguo anao mtoto. Nilikuwa sijaangalia milango ya uani.

Mwanzoni mwa Novemba shule yake ilitupa nakala ya transkripti, ile rekodi ya masomo yote ya sekondari, kwa ajili ya fomu ya msaada wa masomo. Kurasa mbili. Nilikuwa nazisoma nikisubiri wali uive, kwa furaha tu ya kuona jina lake na zile A zake za kemia. Chini kabisa ya ukurasa wa pili, kona ya kulia, palikuwa na kiboksi kidogo cha herufi ndogo ambacho karibu nikipite. Tarehe ya Machi. 520. 570. Jumla 1090.

Moyo ulinipasuka. Niliepua sufuria, nikakaa.

Muda wote ule tuliokuwa tukichunguza akaunti yake na kuhesabu tarehe, shule ilikuwa imeichapa ile alama kwenye karatasi ambayo kila chuo kinaidai. Hakuna aliyeiba kitu. Siku shule inapofanyisha mtihani yenyewe, matokeo hurudi shuleni vilevile, na ziko shule ambazo kwa mazoea huyaandika kwenye transkripti. Hakuna aliyetuambia, nasi hatukuuliza.

Kesho yake sikulala baada ya zamu. Nilikwenda shuleni na nguo zangu za kazi. Mama wa mapokezi alinielekeza kwa mshauri, mshauri akaniambia ndivyo wanavyofanya kwa wote, na kwamba kiboksi kinaweza kuondolewa mzazi akiomba kwa maandishi. Nikaandika palepale, nimesimama, kwenye karatasi niliyopewa. Ilichukua siku nane. Katika siku hizo nane transkripti ya zamani ilikuwa imeshatangulia kwenye chuo kimoja. Kwa hiyo ukiniuliza kama kuna chuo kilichoona alama ambayo mwanangu hakuituma, jibu la kweli ni ndiyo, kimoja. Na kilipewa na shule yake.

Ndiyo maana nawaomba wazazi wenzangu jambo hili moja, hata mkisahau mengine yote: ombeni transkripti ya mtoto mwezi wa tisa, kabla maombi hayajaanza kwenda, na muisome hadi kona ya mwisho. Mkikuta alama, ulizeni utaratibu wa kuziondoa. Msione aibu kwa Kiingereza chenu. Mimi changu hakijanyooka, na kiboksi kimetoka.

Mlango mwingine wa uani ni fomu yenyewe ya maombi. Fomu ile inayotumika na vyuo vingi kwa pamoja ina sehemu ya mtoto kujiandikia alama zake. Anachokiandika pale kinasomwa. Nimekutana na kijana, mtoto wa jirani zetu kutoka Bukavu, aliyejaza alama zake zote kwa sababu aliona nafasi tupu akadhani ni kosa kuiacha. Nafasi ya hiari ikiachwa tupu si kosa. Kuna pia barua ya mshauri wa shule, ambaye anaweza kutaja alama kwa nia njema kabisa akitaka kumsifu mtoto aliyepanda kutoka 1090 hadi 1310. Ongea naye mapema, mwambie mnachotaka kitajwe na msichotaka. Wenye huruma ni wengi kuliko tunavyodhani.

Halafu kuna ile nafasi ya kutuma bure. Hii ilitugharimu, kwa hiyo nitaikalia kidogo.

Ukijiandikisha kwa SAT unapewa ripoti nne za kutuma vyuoni bila malipo, na unaweza kuzitumia mpaka siku ya tisa baada ya mtihani. Baada ya hapo kila ripoti inalipiwa. Lakini alama zenyewe hutoka baada ya wiki mbili hivi. Kwa maneno mengine, za bure zinaondoka kabla mtoto hajajua amepata nini. Mwezi Agosti binti yangu alijaza vyuo vinne kwa sababu aliniona nikihesabu bili mezani, akataka kuniokolea dola. 1290 ikaenda kwenye vyuo vinne kabla yeye mwenyewe hajaiona. Alama iliyoshafika chuoni haiitwi nyumbani.

Kinachoniuma ni kwamba hakuwa na haja ya kubahatisha. Watoto wanaopata chakula cha bure shuleni, kama wangu, wanastahili msamaha wa ada: mitihani miwili bila malipo, na kutuma ripoti kwa vyuo vingi watakavyo, wakati wowote, bila kulipa. Angeweza kusubiri, akaona, akachagua. Karatasi ya msamaha ilikuwa kwa mshauri wa shule, na tuliipata mwezi Septemba, baada ya Agosti kupita. Kama mwanao yuko darasa la kumi na moja au kumi na mbili na kipato chenu ni kidogo, nendeni mkaiombe leo. Msamaha huo umewekwa kwa watoto wanaosoma Marekani. Kwa mtoto anayefanyia mtihani Dar es Salaam au Nairobi kila ripoti baada ya zile nne za bure ni pesa, na kwake shauri langu ni kusubiri aone alama kwanza, kisha alipie chache alizozichagua, kuliko kuzirusha nne za bure gizani. Tena yeye akumbuke kwamba matokeo yake ya NECTA, au ya KNEC, baraza la mitihani la Kenya, vyuo vitayaomba, na ya NECTA yanafunguka kwa yeyote mwenye namba. Huko ukuta bado uko wazi.

Vipo vyuo vinavyotaka kuona kila kitu. Georgetown kwa miaka mingi imejulikana kwa kudai waombaji wapeleke alama za kila siku waliyofanya mtihani. Wapo wanaonong'ona kwamba chuo hakina njia ya kukamata aliyeficha, kwa hiyo afiche tu. Mimi sikubaliani, na nilimwambia binti yangu hivyo. Mwishoni mwa fomu mtoto anaweka sahihi kwamba aliyoyaandika ni kweli na yamekamilika, na nafasi ya chuo inaweza kunyang'anywa uongo ukigundulika. Hata usipogundulika, sikumleta mtoto kutoka ng'ambo ya bahari aje kuanza masomo yake kwa uongo. Chuo kikidai zote, apeleke zote, au aombe kwingine. Kikimpa hiari, basi hiari ni yake kweli, na kuitumia si udanganyifu.

Hiari hiyo yenyewe ina historia. Bowdoin, chuo kidogo cha Maine, kilifanya alama kuwa hiari tangu 1969, lakini kwa wengi mlango ulifunguka mwaka 2020, vituo vya mtihani vilipofungwa kwa sababu ya Uviko. Vyuo vya Chuo Kikuu cha California vilikwenda mbali zaidi: alama haziangaliwi kabisa katika udahili, ukizituma usizitume. Kisha upepo ukageuka. MIT ilirudisha sharti la mtihani 2022, na mwaka 2024 zikafuata Dartmouth, Yale, Brown na Harvard. Machi mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Texas, pale Austin, nacho kikarudisha, na hicho ndicho kilichokuwa juu kabisa ya orodha ya binti yangu.

Tangazo la Austin lilinifundisha jambo ambalo sikuwa nimelielewa. Walisema kati ya waombaji wa mwaka ule, asilimia 42 walitaka alama zao zihesabiwe, na alama ya katikati ya hao ilikuwa 1420. Ya waliotaka zisihesabiwe ilikuwa 1160. Nilirudia sentensi hiyo mara tatu. Chuo kingewezaje kutaja 1160 kama hakikuwa na alama za watu hao? Kilikuwa na za wengi wao. Kuna mtoto ambaye hajatuma kitu, na kuna mtoto aliyetuma kisha akajaza kwamba alama zisizingatiwe. Hawa si sawa. Wa pili ameshakabidhi karatasi yake na anategemea ahadi kwamba wanaoamua hawatamhukumu kwayo. Sisemi ahadi hiyo inavunjwa. Nasema kutozingatiwa na kutoonekana ni vitu viwili, na mtoto anayetaka isionekane asiitume.

Baada ya kujua hayo yote, nilitazamia binti yangu atapumua. Badala yake aliniambia ameamua kutotuma chochote popote ambako si lazima. Si 1090 tu, hata ile 1310. Alinionyesha kwenye laptopu wastani wa alama za waliokubaliwa kwenye vyuo viwili vya mashariki alivyovipenda: 1500, 1530. "Mama, 1310 wataicheka."

Hapa ndipo nilipoona kwamba tulikuwa tumetumia nguvu zetu zote kulinda kitu, na hatukujiuliza kama kinahitaji kufichwa.

Zile namba kubwa zinazotangazwa na vyuo vyenye hiari ni za waliotuma. Waliopata kidogo hawakutuma, kwa hiyo hawamo kwenye hesabu. Mwaka unaofuata watoto wanaziona namba zimepanda, wengine zaidi wanaogopa kutuma, zinapanda tena. Wakati huo huo wastani wa nchi nzima kwa waliomaliza 2024 ulikuwa 1024. Na mwanangu anasoma shule ambayo walimu wa fizikia wamebadilika mara mbili katika mwaka mmoja.

Mwanzoni mwa 2024 walimu wanne wa Dartmouth waliandika ripoti iliyokifanya chuo chao kirudishe mtihani. Waligundua kwamba wapo waombaji kutoka familia na shule zenye hali ngumu, wenye alama za 1400 na kitu, waliozizuia, na kumbe wangezituma zingewaongezea nafasi. Maafisa wa udahili huangalia alama wakiilinganisha na mahali mtoto alikotoka. Alama ambayo kwa mtoto wa shule ya kitajiri ni ya kawaida, kwa mtoto aliyetoka mahali ambapo wachache hufika hapo inasema jambo kubwa. Niliposoma hayo nililia, peke yangu, kwenye chumba cha kupumzikia wafanyakazi, mashine ya kahawa ikinguruma. Niliwafikiria hao watoto. Walijizuia wenyewe, hakuna aliyewakataza. Wengine huenda walikuwa na mama kama mimi, aliyewafundisha kwamba namba ikionekana utachekwa na muuza mchicha.

Nilimwekea binti yangu ile ripoti mezani. Sikumwambia afanye nini. Nilimwambia kuhusu ukuta wa shule yangu na ile F ya hisabati, habari niliyokuwa sijawahi kumwambia mwanangu yeyote. Aliniangalia muda mrefu. Akauliza, "Uliifanya nini?" Nikamwambia nilirudi nyumbani nikapika, na mwaka uliofuata nikarudia mtihani.

Jumamosi ile alikaa na akaunti yake wazi. Vyuo vyake kadhaa huchukua sehemu bora ya kila siku: kusoma kwake kulikuwa juu Oktoba, 660, na hesabu ilikuwa juu Agosti, 690. Siku hizo mbili zikipelekwa pamoja, chuo cha namna hiyo kinazisoma kama 1350. Alizichagua zote mbili, akaiacha Machi bila kuitia alama. Kwa Austin akafanya hivyo hivyo. Kwa vile viwili vya mashariki alisita, kidole kikiwa juu ya kitufe, akaniuliza, "Nitume?" Nikamwambia uamuzi ni wake. Akatuma.

Jumapili tukampigia mjomba wake. Nilianza kumweleza habari za akaunti na ripoti na kuchagua tarehe, akawa anaitikia "ehe, ehe" kwa heshima tu. Binti yangu akaniomba simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mama yako ananizungusha. Matokeo vipi?"

"Nilianza na 1090, mjomba. Sasa nina 1310."

Upande wa pili pakawa kimya kidogo, halafu nikamsikia kaka yangu akimwambia mtu aliyekuwa naye pale barazani, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kwamba mtoto wa dada yake amepanda kwa alama mia mbili na ishirini.